Zamu ya Maji Siku ya Mbio

Nilimwahidi bibi yangu kwamba michezo haitamnyang'anya hata ndoo moja ya maji. Nilimwahidi nikiwa nimesimama katikati ya shamba lake la maharage, huko Vudee, kwenye milima ya Upare, mkono mmoja umeshika kopo la rangi nyekundu na mwingine brashi. Yeye alikuwa ameegemea jembe, akiitazama alama niliyokuwa nimetoka kuipaka kwenye jiwe lililo karibu na mfereji wake.

"Hiyo rangi ni ya nini, mume wangu?" aliniuliza. Ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na hata baada ya kupata shahada cheo changu kwake hakikupanda.

"Ni alama ya njia, bibi. Vijana watapita hapa wakikimbia."

"Wanamkimbia nani?"

"Wanashindana. Wanatoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, na wengine ni wa kwetu."

"Wote hao waje kukimbia kwenye maharage yangu? Kwao hakuna milima?"

"Ipo, bibi. Ila safari hii wenyeji ni sisi."

Akauliza lile alilokuwa nalo moyoni tangu mwanzo: "Na maji?"

"Maji yako hayataguswa. Hata ndoo moja."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Haya. Nimesikia." Akainama, akaendelea kupalilia.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu nihitimu chuo, nikifundisha michezo katika shule ya sekondari mjini Same. Niliamini, na bado naamini, kwamba uwanja wa michezo ni miongoni mwa mahali pachache ambapo haki huonekana kwa macho: mstari wa kuanzia ni mmoja, saa ni moja, na hakuna anayeulizwa baba yake ni nani. Kwa hiyo habari kwamba sehemu ya michezo ya vijana ya nchi za ukanda wetu ingefanyika kwetu niliipokea kama mtu aliyetembelewa nyumbani na mgeni mkubwa kuliko hadhi ya nyumba yake. Watu wengi wanaujua mji wetu kwa dirisha la basi tu. Wanashuka, wanakula, wanapanda, wanaendelea na safari yao ya Arusha au Dar es Salaam. Sasa walikuwa wanakuja watu ambao mwisho wa safari yao ulikuwa hapahapa.

Kila jioni nilipita uwanjani kutazama nguzo za bendera zikisimikwa. Siku mafundi walipozijaribu kamba, bendera za nchi zote zilipanda kwa pamoja na kujikunjua kwa upepo wa tambarare, milima ikiwa nyuma yake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alitua beseni lake chini, akasimama wima. Nami nikasimama wima. Hakuna aliyetuamuru.

Mpira wa miguu, netiboli na wavu vilipangwa kuchezwa mjini. Mbio za mlima zingeanzia tambarare, karibu na maboma ya wafugaji, na kupanda hadi uwanja wa shule Vudee. Niliteuliwa kuwa msimamizi wa njia ya mbio hizo, na sababu kubwa ilikuwa kwamba mimi ni mzaliwa wa huko. Walidhani mzaliwa hawezi kukosea njia. Nami nilidhani hivyo.

Msomaji asiyetoka Upareni anahitaji kujua jambo moja kuhusu maji yetu. Juu ya shamba la bibi lipo bwawa dogo la udongo lililochimbwa na waliotutangulia, nasi tunaliita ndiva. Maji ya kijito huingia humo usiku kucha. Alfajiri mgawa maji huchomoa kizibo, na maji hushuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Ikifika saa saba mchana ndiva imekwisha na mfereji umekauka. Kesho yake zamu ni ya mtu mwingine, keshokutwa ya mwingine tena. Aliyekosa kutumia siku yake husubiri mzunguko wote uishe, kiasi cha wiki mbili na nusu, na wakati wa kiangazi maharage yenye maua hayawezi kungoja kiasi hicho.

Kosa langu lilizaliwa humo. Mfereji ukikauka mchana hugeuka kuwa njia. Hauna mawe, hauna miiba, na mteremko wake ni wa taratibu kwa sababu waliouchimba walikuwa wakiyabembeleza maji yasikimbie. Sisi watoto wa Vudee tuliufuata kila alasiri tukitoka shule, madaftari kichwani, na miguu yetu iliujua kuwa njia kabla akili zetu hazijaujua kuwa mfereji. Siku niliyopima njia ya mbio ilikuwa saa tisa alasiri. Nilifika hapo, miguu ikaingia yenyewe, simu ikaendelea kuhesabu mita, nami nikapaka alama nyekundu mwanzo na mwisho wa kipande hicho cha mita kama mia nne. Mgeni angeona mfereji na kuukwepa. Mimi niliona njia ya kwetu.

Mbio zilipangwa kufanyika alasiri, kwa hiyo hata kosa lenyewe lilikuwa limelala. Liliamka siku sita kabla ya mbio, pale madaktari wa timu walipolalamikia joto la tambarare, na saa ya kuanza ikasogezwa hadi saa mbili asubuhi. Niliipokea habari hiyo kwa furaha, kwa ajili ya wakimbiaji. Jioni yake nilipanda Vudee kuwaarifu watu, nikasimama mbele ya mlango wa ofisi ya kijiji ambapo ratiba ya zamu hubandikwa. Siku ya mbio ilikuwa siku ya bibi.

Mratibu wa mbio alikuwa mzee mtulivu aliyetoka mkoani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipomweleza asubuhi yake, alichukua karatasi na kuanza kuandika barua ya kuiomba serikali ya kijiji iache ndiva imefungwa hadi mkimbiaji wa mwisho apite.

"Ni asubuhi moja tu, mwalimu," alisema bila kuinua kichwa.

"Kwa mwenye zamu, mzee, asubuhi hiyo moja ni wiki mbili na nusu. Na maharage yako kwenye maua."

"Mwenye zamu ni nani?"

"Ni bibi yangu."

Akaiweka kalamu chini. "Kumbe ni mambo ya kifamilia."

Maneno hayo yaliniuma. Nilijiuliza palepale: ingekuwa zamu ya mjane wa ng'ambo ya bonde, mtu nisiyewahi kula kwake, ningekuja kusimama mbele ya meza hii?

"Ingekuwa ya mtu mwingine ningepaswa kusema vilevile," nilimjibu. "Sina hakika kama ningesema."

Aliisogeza barua pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nchi tano za kuziridhisha na usingizi wa saa nne. "Leo ni Jumapili," alisema. "Nitafutie njia nyingine yenye urefu uleule, isiyopita majini, isiyomvunja mtu mguu. Ukinionyesha Jumatano nitaipitisha. Ukishindwa, barua inakwenda."

Nilipanda tena mlimani kumtafuta mgawa maji, mwanamume mrefu mwenye sauti nzito, mwimba besi wa kwaya ya Kilutheri, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Nilimkuta akizibua kijito.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Mbona unatweta, umeanza mbio peke yako?"

Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akarudia polepole kama hakimu: "Yaani ulipima mfereji."

"Nilipima."

"Mchana."

"Mchana."

Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe. "Chuo kimekufundisha kukimbia, kikakusahaulisha kumwagilia! Sasa sikiliza. Maji siyafungi. Lakini juu ya mfereji pana mgongo wa ardhi. Una miiba na mawe, ila unakwenda sambamba. Ukiwaambia watu ukweli, watauchonga."

"Ukweli upi?"

"Kwamba umekosea. Wakidhani ni amri ya wakubwa, watakuja wachache na majembe butu."

Jumanne alfajiri pembe ilipigwa kuita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu bila kuulizwa mara mbili. Walikuja wakiwa na majembe, sururu na mapanga, Walutheri na Wakatoliki, wake kwa waume, ukungu ukiwa bado mabondeni. Nilisimama juu ya jiwe nikawaambia kwamba nilipima njia ndani ya mfereji wao, kwamba kosa ni langu wala si la michezo, na kwamba naomba msaada. Kisha mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo:

"Mwalimu, mwanangu akikosea hesabu unamfanya nini?"

"Namrudishia daftari arudie."

"Basi leo wewe ndiye mwanafunzi. Shuka hapo juu, shika sururu, urudie!"

Kicheko kilichofuata ndicho kilichotufungulia kazi. Nimesoma vitabu kuhusu ushirikiano, nimeandika hata insha juu yake, lakini sikuwahi kuuona mwili wake kama nilivyouona asubuhi hiyo. Wenye mapanga walitangulia kufyeka, wenye sururu wakafuata, wenye majembe wakasawazisha, na kinamama wakapanga mawe upande wa chini kuwa ukuta, kila jiwe likipita mikononi mwa watu kumi kabla ya kutua. Hakuna aliyepanga safu hizo. Kufikia saa saba palikuwa na njia mahali ambapo tangu dunia iumbwe palikuwa na miiba. Nilipima: ilizidi ile ya awali kwa mita kumi na mbili, nami nikateremka hadi tambarare kusogeza mstari wa kuanzia mbele kwa mita hizo. Mfugaji aliyekuwa akichunga karibu alinitazama nikimwaga chokaa.

"Unahama kutoka hapa hadi pale?"

"Ndiyo, mzee. Mita kumi na mbili."

"Ng'ombe wangu akikwepa mti mmoja anapoteza zaidi ya hizo," alisema, akaondoka akitikisa kichwa.

Bibi alileta sufuria ya makande kwa wafanyakazi, lakini hakuja kushukuru. Alikuja kukagua. Alitembea njia yote, akigonga ukingo kwa mpini wa jembe.

"Hapa pamelegea," alisema. "Watu wakisimama hapa, udongo huu utaanguka mferejini."

Tukapashindilia kwa migongo ya majembe, tukaona panatosha.

Jumatano mratibu alikuja, akaikanyaga njia mpya kwa viatu vyake vya mjini, akatia saini. Nyuma yake walipita wakimbiaji, vijana wa kike na wa kiume, wakiitembea njia ili waijue. Walipita juu ya shamba la bibi wamekaza macho kwenye mawe, baadhi wameziba masikio kwa muziki. Bibi alinyooka kutoka kwenye maharage, akangoja. Wa mwisho alipokwisha kupita akaniita.

"Mume wangu, wageni wako hawana vinywa?"

Nilijua alichomaanisha. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima aliyeinamia kazi ukamwacha kama kisiki. Niliwakusanya wakimbiaji uwanjani, nikawaeleza, wenzao wakawatafsiria wasiojua Kiswahili. Waliijaribu salamu kwa kicheko, kila mtu kwa lafudhi ya kwao. Msichana mmoja kutoka Burundi, mwembamba, mwenye macho makini, akainua mkono.

"Hata tukiwa tunakimbia?"

Nilijibu bila kufikiri: "Hata mkiwa mnakimbia."

Siku ya mbio kizibo kilichomolewa alfajiri kama siku nyingine yoyote. Nilipofika kituoni kwangu, kwenye njia mpya, maji yalikuwa yameshaingia shambani, na bibi alikuwa katikati ya matuta, gauni limekunjwa hadi magotini, akifungua tuta moja na kufunga jingine. Hakuinua kichwa. Mwenye zamu hana nafasi ya kuwa mtazamaji. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba za watakaotangulia na kuiweka njia wazi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuwaona milimani. Walikuwa juu ya miamba, juu ya miti, na wote walitazama chini, ambako tambarare ilikuwa imelala njano hadi macho yanapokoma.

Kisha mtu akapiga kelele: "Wanaonekana!" Walikuwa nukta, mstari wa nukta zilizokuwa zikipanda mlima wetu. Umati ukasogea ukingoni ili uone, na pale bibi alipogonga kwa mpini, ardhi ikashuka.

Hakuna aliyeumia. Lakini udongo uliujaza mfereji, ukauziba, na maji yakapanda juu ya ukingo wake wa chini na kumwagika kwenye majabali, upande usio na shamba la mtu. Sauti ya bibi ilitoka kwenye maharage:

"Maji yamekatika! Nani kakata maji?"

Mgawa maji alikuwa mbali, juu kwenye ndiva. Majabalini niliona maji ya zamu yake yakipotea, na bondeni niliona wakimbiaji waliobakiza dakika chache kufika. Nilikuwa nimezingoja dakika hizo kwa miezi. Nikampa mwalimu mwenzangu niliyekuwa naye kituoni kalamu na ubao wa namba, nikaruka ndani ya mfereji na shati langu jeupe la msimamizi, nikaanza kuchota tope kwa mikono. Walewale walioangusha ukingo wakaruka pia. Mmoja akakata mgomba kwa panga, tukalilaza shina lake kwenye ukingo pale maji yalipomwagikia, tukalikandika kwa tope.

Ndipo nilipozisikia nyayo juu ya kichwa changu. Sikuweza kuona kitu ila ukuta wa udongo na mikono yetu. Nilisikia mguu ukigusa ardhi ile tuliyoichonga, pumzi iliyokuwa ikikatika, na katikati ya pumzi hiyo sauti ya msichana: "Shika... moo, bibi!"

"Marahaba, mama! Kimbia, usisimame!"

Akapita. Nyayo nyingine. "Shikamoo!" "Marahaba!" Nyingine tena, mbili kwa pamoja, moja kwa lafudhi ya Kiganda, nyingine ya pwani ya Kenya, na zote mbili zikajibiwa. Walikuwa wamepanda kutoka kwenye joto hadi mahali ambapo kifua hakina hewa ya kutosha kwa ajili ya mwili wenyewe, na kila mmoja akatoa katika hewa hiyo kidogo neno kwa ajili ya mwanamke aliyesimama majini. Mwili wangu ulisisimka hadi kwenye vidole vilivyokuwa topeni. Walipofika kama ishirini hivi, bibi akapaza sauti:

"Jamani, marahaba zitaniishia! Mko wangapi?"

Mlima mzima ukacheka. Salamu hazikukoma. Maji yalipoanza kupita tena chini ya vifundo vyangu, wa mwisho alikuwa ameshapita. Sikumwona mshindi. Niliambiwa baadaye kwamba alikuwa yule msichana wa Burundi kwa upande wa wanawake, na nilifurahi, lakini uso wake wa ushindi sina. Nina pumzi yake tu.

Ndiva ilikwisha saa saba. Watu walikuwa wameelekea uwanjani kwenye medali, na spika zilikuwa zikitaja nchi moja baada ya nyingine. Bibi alitembea hadi mwisho wa shamba, nami nikamfuata. Matuta matatu ya chini kabisa yalikuwa makavu.

"Ulisema hata ndoo moja," alisema.

"Nilisema, bibi."

"Haya matatu ni ndoo ngapi?"

"Ni nyingi."

"Ni nyingi," alikubali. Hakuwa na hasira, wala hakunifariji. Alitazama tope lililokuwa kwenye shati langu, akaniambia nikaoge kabla wageni hawajaniona.

Zamu yake iliporudi, maua ya matuta yale yalikuwa yameanguka na majani yamekuwa ya njano. Niliyang'oa maharage hayo mwenyewe Jumamosi moja, tuta baada ya tuta. Mengine yote yalikomaa. Taarifa ya mashindano iliandikwa, na mratibu alinionyesha sehemu inayosema kwamba njia ya Vudee ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilishukuru kwa moyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Matuta matatu hayamo katika taarifa hiyo, na sikutegemea yawemo, ndiyo maana nimeyaandika hapa.

Sijapunguza hata kidogo imani yangu katika michezo. Nimeuona ulimwengu ukipanda mlima wetu, na ukipanda tena nitaomba kazi ileile. Ila najua sasa kwamba hakuna ardhi iliyokaa bure ikitungoja tuichoree mistari. Nyakati zote mbili, tulipofanikiwa na tuliposhindwa, gharama ilikuwa imelala kwenye shamba la mtu mmoja aliyekuwa kazini.

Nakuomba, basi, wewe unayesoma: mashindano yakija kwenu, na ukapewa rangi na brashi, nenda kwanza asubuhi, si mchana. Mtafute aliyeinama shambani, msalimie, umuulize siku hiyo ni zamu ya nani. Kisha ndipo upime.